Tanzania: Waraibu wa heroini na swali la tiba ipi ichaguliwe

Familia yenye kijana aliyenaswa na heroini huuliza kwanza tiba itachukua wiki ngapi. Lililo zito zaidi ni kitakachofuata baada ya arosto, yaani mateso yanayompata mraibu anapokatishwa dawa. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hupoteza ustahimilivu. Anayerejea mtaani na kutumia kipimo chake cha zamani huweza kuacha kupumua.

Ndiyo sababu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa ya maji inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Dozi moja huzuia arosto kwa takribani saa 24, na mgonjwa akaweza kurudi kazini. Wapo wasemao kuwa huko ni kubadili ulevi kwa ulevi, ingawa Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu tangu 2005.

Nyumba za upataji nafuu, Bara na Zanzibar, hufuata njia ya kuacha kabisa, kwa ushauri nasaha na mikutano ya waraibu wenyewe. Kabla ya kumkabidhi kijana, mzazi aulize: imesajiliwa? Yupo daktari? Nani atamfuatilia akishatoka? Penye minyororo, viboko au ahadi ya kupona kwa hakika, asimwache hapo.

Mraibu wa bangi au pombe pekee hapelekwi kwenye methadoni. Hiyo ni tiba ya heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni.