Laptopu Imekataa Wi-Fi Siku ya Soko? Usilipie Draiva

Kama una duka Mahoo, siku ya soko Taveta unaijua: wanunuzi wa ndizi wanalipa asubuhi na mapema. Unafungua laptopu uone pesa zilizoingia, na alama ya Wi-Fi haipo kabisa. Simu yako iko hapo kando na inashika Wi-Fi ile ile bila shida.

Wateja wasikungoje. Angalia malipo kwenye simu yako mwenyewe, wala usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi.

Sasa turudi kwa laptopu. Mara nyingi tatizo ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya mtandao. Inaweza kuvurugika Windows ikijisasisha. Hakikisha kwanza hujawasha hali ya ndegeni. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, ufungue Device Manager, halafu Network adapters. Kadi yenye kimshale cha kwenda chini imezimwa tu, iwashe. Yenye pembetatu ya njano ina shida. Ikiwa ilianza baada ya sasisho, bonyeza kadi mara mbili, nenda Driver, uchague Roll Back Driver ili ile ya zamani irudi.

Bado? Utahitaji draiva mpya, na intaneti huna. Hapo simu inakuokoa: ichomeke kwa waya wa USB, uwashe USB tethering. Njia hii haihitaji kadi ya Wi-Fi. Ila sisi wa huku tunajua vile simu hurukia mtandao wa Tanzania kwa sababu Holili iko karibu, na bando linagoma. Chagua mtandao wa Kenya mwenyewe kwenye setingi.

Pakua draiva kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu yako, iwe HP, Lenovo au Dell. Ni bure. Ukitafuta ovyo utakutana na tovuti zinazojifanya kukagua kompyuta, zikuonyeshe makosa mengi mekundu, kisha ziitishe malipo. Funga hiyo kurasa. Na yeyote anayekuitisha PIN ili "akurekebishie mtandao" ni mwizi, hata akijiita mfanyakazi wetu.

Kama kadi haionekani kabisa kwenye orodha hata baada ya kuzima na kuwasha, huenda kadi yenyewe imeharibika au imelegea. Hiyo mpelekee fundi.