Ujira wa Yaya na Hesabu Yake

Aghlabu ya watu wa mjini, wanapomtafuta yaya wa kumlea mtoto, huuliza kwanza jirani humlipa wake kiasi gani, kisha hutazama kilichosalia katika mshahara wao baada ya kodi ya nyumba, karo na chakula, na hicho kilichosalia ndicho wakiitacho ujira. Hesabu ya namna hii imepinduka, kwa kuwa humpimia mtu kazi yake kwa upungufu wa mfuko wa mwingine, ilhali kazi yenyewe, ya kukabidhiwa roho ya mtoto tangu alfajiri hata usiku, ina thamani yake na sheria yake.

Natutazame Mombasa. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika nchini Kenya mwezi wa Novemba 2024 humtaja yaya waziwazi, katika daraja moja na mfagizi, mtunza bustani na mlinzi wa mchana, na katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kima chake cha chini kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kiasi hicho hakikuingiza makazi. Kwa hiyo yaya arudiye kwake Likoni au Kisauni kila jioni hustahiki posho ya nyumba ya asilimia 15, yaani shilingi 2,417, jumla ikawa 18,531. Juu ya hapo mwajiri hutoa asilimia 6 kwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambazo ni shilingi 1,112, na asilimia 1.5 za ushuru wa nyumba, shilingi 278, na gharama yake hufika 19,921. Yaya naye hukatwa viwango vivyo hivyo, pamoja na asilimia 2.75 za bima ya afya, akapokea mkononi kama shilingi 16,631. Makato hayo ni wajibu kumweleza bayana kabla hajaanza kazi, kwani aliyeahidiwa elfu kumi na nane na ushei akapewa kumi na sita bila maelezo atadhani amedhulumiwa, na hatalaumika kwa dhana hiyo.

Tena iko likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, yenye malipo kamili, ambayo ndani yake mtoto hana budi kupata mlezi mwingine. Mwenye busara huweka akiba ya shilingi 1,250 hivi kila mwezi kwa ajili ya badala huyo, bighairi ya kungoja Desemba ndipo ahangaike.

Walakini pale ambapo hesabu hupotea kabisa ni kwa yaya alalaye nyumbani mwa mwajiri. Husemwa kwamba huyo ni nafuu, maana anakula na kulala bure. Ni kweli kwamba apewapo chumba cha kukalika posho ya nyumba huondoka, lakini mshahara wa msingi haupunguziwi kitanda, na wala chakula, kwa maoni yangu, si fedha ya kumhesabia mtu ambaye hana nafasi ya kwenda kula kwingine. Lililo zito zaidi ni saa. Sheria huweka saa 52 kwa juma, katika siku sita. Aamkaye saa kumi na moja alfajiri kuchemsha uji, akafunga mlango saa tatu usiku, hata tukimtolea saa tatu za kupumzika, amefanya kazi saa 13. Kwa siku sita ni saa 78, nazo zimezidi kwa 26. Ujira wa saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 225, nao ni shilingi 71.62, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, shilingi 107. Kwa majuma manne, ziada hiyo hupita shilingi 11,000, na huyo ndiye yaya tuliyeambiwa ni nafuu! Bado hatujahesabu usiku ambao mtoto ana homa.

Nyumba isiyoweza kulipa hayo yote haikosi njia, mradi ipunguze saa na si haki. Majirani wawili waweza kuajiri yaya mmoja wa mchana, watoto wakalelewa pamoja na gharama ikagawanywa, nusu kwa nusu. Kinachotakiwa ni mkataba wa maandishi wenye saa ya kuanza na ya kumaliza, siku ya mapumziko, ni nani atakayepeleka michango ya NSSF, na mmoja wa watoto akiugua, abaki na nani.