Giaboksi Isiyo na Hatia

Ukisikiliza maongezi ya gereji za Mbeya na Iringa utakutana na hukumu iliyokwisha kutolewa zamani: otomatiki haiwezi milima. Gari likichemka Kitonga, au likijikokota kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, giaboksi ndiyo inayokamatwa kwanza. Inashushwa, inafungwa nyingine iliyotumika Japani, na hiyo nayo ikisumbua mwenye gari anaanza kuulizia gharama za kubadili gari liwe la manyuo. Naipinga hukumu hiyo. Kwenye giaboksi za umeme zenye ovadraivu, lawama nyingi zinazobebeshwa gia na klachi ni za vitu vilivyosahaulika wakati wa kuhamisha chuma kutoka gari moja kwenda jingine: nyaya, kompyuta na njia ya kupozea oili.

Ushahidi umo ndani ya giaboksi yenyewe. Chukua A340E ya Toyota, ambayo familia yake imefungwa kwenye Supra, Cressida, Hilux Surf na Prado. Ina gia nne za mbele. Ya kwanza ina uwiano wa 2.804, ya tatu inazungusha propela sawa na injini, na ya nne, yaani ovadraivu, ina 0.705: injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, propela inazunguka zaidi ya mara 2,800. Nani anaamua gia ipi iingie? Ni solenoidi mbili, sumaku ndogo za umeme zinazofungua na kuziba vijia vya oili kwa amri ya kompyuta. Ya kwanza ikiwaka peke yake, unapata gia ya kwanza. Zikiwaka zote mbili, ya pili. Ikiwaka ile nyingine peke yake, ya tatu. Zikizimika zote, giaboksi inaingia ya nne. Hesabu hii ndogo ndiyo ufunguo wa kesi nzima. Giaboksi iliyofungwa bila nyaya zake kufika kwenye kompyuta, ukiweka D, inaondoka na gia ya nne! Gari litavuta kama limefungwa jiwe, na dereva ataapa kwamba klachi zimekwisha. Lakini ukivuta mkono hadi L, oili yenyewe, bila umeme wowote, inaingiza gia ya kwanza, na rivasi nayo inafanya kazi. Gari linaloondoka kwa nguvu kwenye L na kujikokota kwenye D linakwambia lenyewe kwamba ugonjwa uutafute kwenye nyaya kwanza.

Marekani, wanaochukua magari ya miaka ya 1930 na kuyatia mitambo ya kisasa walilijua hili mapema. General Motors ilipotoa giaboksi ya 4L60-E mwaka 1993, mtu aliyetaka kuifunga kwenye gari lisilo na kompyuta alilazimika kununua kompyuta ya giaboksi peke yake pamoja na nyaya zake. Kwao hicho ni kipuri kama klachi. Kwetu kazi imegawanyika tangu darasani: VETA inafundisha ufundi wa magari kama fani moja na umeme wa magari kama fani nyingine, na gereji zetu zinafuata mgawanyo huohuo. Giaboksi hizi zimekaa katikati. Makanika akimaliza kukaza bolti anaona kazi imekwisha. Fundi umeme anaitwa baadaye, anakuta soketi haziingiliani, anakata na kuunga nyaya kwa kufuata rangi. Na hata baada ya umeme kukaa sawa, A340E ina kebo inayotoka kwenye trotoli kwenda kupanga presha ya oili. Eksileta ikikanyagwa hadi mwisho, kizuizi kilichobanwa kwenye kebo hiyo kinatakiwa kiwe umbali wa milimita 0 hadi 1 tu kutoka kwenye mdomo wa mpira wake. Ikilegea, presha inapungua, klachi zinateleza na kuungua, na giaboksi nzima kabisa inageuka mbovu kweli.

Mtu atasema: hata iliyofungwa vizuri inaungua milimani, mbona ile ya Dar es Salaam inadumu? Swali ni la haki, maana mlima una hesabu yake. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako presha ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 18, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Dereva anakanyaga zaidi, kompyuta inaona trotoli iko wazi, inashusha hadi gia ya tatu. Akilegeza kidogo inapandisha ya nne, kisha inashusha tena. Kila mara toki konveta, kile chombo cha oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi, inafunguka na kuteleza, na utelezi huo wote ni joto. Kulipandisha gari la tani moja na nusu mita 100 kwenda juu kunahitaji kazi inayotosha kuchemsha lita nne za maji baridi. Sehemu moja ya kumi tu ya kazi hiyo ikiishia kwenye lita nane za oili ya giaboksi, joto lake linapanda nyuzi 10 hivi kwa kila mita 100 hizo, kama hakuna cha kulipunguza. Cha kulipunguza kipo: bomba dogo la kupozea lililofichwa ndani ya rejeta. Rejeta ya gari la manyuo haina bomba hilo. Anayeifunga kwenye gari la otomatiki kwa sababu ni rahisi, kisha akaunganisha mipira ya oili ijizungukie yenyewe, ameipeleka giaboksi Kitonga ikafe. Na rejeta ileile ya zamani ikiachwa bila kusafishwa, vyuma vilivyosagika kutoka giaboksi iliyokufa vinaingia kwenye mpya siku ya kwanza.

Upande wa dereva dawa ni kitufe cha O/D. Ovadraivu inafaa tambarare ya Usangu, pale Igawa hadi Chimala ambapo gari linateleza lenyewe. Kwenye mwinuko kitufe kinazuia gia ya nne na kumaliza kule kupanda na kushuka. Kwenye mteremko injini inapata nafasi ya kulishika gari, breki zikapumua.

Wanaotetea manyuo wana hoja moja nzito: inatengenezeka popote, hata Makambako usiku. Kweli, na kwa Fuso la mizigo nisingebishana. Ila kubadili gari dogo kunadai pedali, flaiwili, klachi, propela ya urefu mwingine, na bado kompyuta ya injini itaendelea kuitafuta giaboksi yake. Gharama hiyo ilipwe baada ya kupima, na vipimo vyenyewe ni rahisi. Solenoidi nzuri ya A340E inasoma omu 11 hadi 15 kwenye mita ya kawaida. Kwenye Toyota nyingi za kizazi hicho, waya mfupi ukiunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti, swichi ikiwa imewashwa na O/D haijazimwa, taa ya O/D OFF inaanza kukonyeza: mara sita, inatulia, mara mbili. Hiyo ni 62, solenoidi ya kwanza imekatika au imepiga shoti, na uchunguzi unaanzia kwenye soketi yake, giaboksi ikiwa bado imening'inia mahali pake.