Magari ya Mferejini: Kwa Nini Klabu Huchonga Barabara Zao

Gari la mferejini halina usukani. Chini ya pua yake kuna ulimi wa plastiki unaozama katika mfereji uliochongwa barabarani, na ulimi huo ndio unaolipitisha kwenye kona zote. Ubavuni mwa ulimi kuna vishada viwili vya nyuzi za shaba vinavyoburuzika juu ya tepe mbili za shaba, moja kila upande wa mfereji. Mota hupata umeme hapo, kwa kawaida volti 12 hivi. Dereva husimama pembeni na kidhibiti mkononi, na kazi yake yote imo katika kidole kimoja: kubana kifyatuo au kukiachia. Akichelewa kuachia, gari huchomoka mferejini na kumwangukia jirani.

Wengi hudhani huu ni mchezo wa kununuliwa dukani katika boksi. Historia inasema vingine. Katikati ya miaka ya 1950, klabu ya mafundi wa modeli ya Southport, Uingereza, ilikuwa tayari inashindanisha magari ya umeme kwenye barabara iliyojengwa na wanachama wenyewe. Ilikuwa mwaka 1957 ndipo Fred Francis, aliyekuwa akiuza magari ya bati ya springi yaliyoitwa Scalex, alipoyatia mota na kuyatoa pamoja na vipande vya barabara kwa jina la Scalextric. Fundi wa klabu alitangulia, duka likafuata.

Na hadi leo klabu zenye mashindano makali hupenda ubao kuliko vipande vya plastiki. Kosa la plastiki liko kwenye viungo. Kila kipande kinapopachikwa kwa kingine, umeme hupungua kidogo na gari hurushwa kidogo; zidisha hayo kwa viungo arobaini. Ubao wa MDF huchongwa kwa ruta, mashine ileile ya maseremala, na mfereji ukazunguka bila kukatika. Kwa magari ya kipimo cha 1:32, mfereji wenye upana wa milimita 3 na kina cha 7 au 8 unatosha. Siri ya kona nzuri ni ufito unaopindika: unapigwa misumari midogo kufuata mchoro, ruta inauegemea, na kona inatoka laini kuliko ya kiwandani. Vaa barakoa, maana vumbi la MDF ni baya kwa mapafu. Rangi isiyong'aa hupakwa kwanza, ndipo tepe za shaba zilazwe juu yake.

Shaba yenyewe ina mtego. Tepe ya upana wa milimita 5 na unene wa milimita 0.035 ina ukinzani wa karibu omu 0.1 kwa kila mita. Hiyo huonekana kitu kidogo. Lakini barabara ya mita 15 ikipewa umeme mahali pamoja tu, gari linalovuta ampea 2 likiwa upande wa mbali kabisa hupoteza volti 1.5 hivi njiani. Dereva husema gari "limechoka", akabadilisha mota na gia, kumbe zilizochoka ni tepe. Dawa ni nyaya nene zinazopita chini ya ubao na kuunganishwa na tepe kila baada ya mita chache.

Sasa tuje kwenye haki, jambo linalozua mabishano kuliko yote. Kila gari hukimbia katika njia yake yenye mfereji wake, na njia ya nje ni ndefu kuliko ya ndani, hilo kila mtu anajua. Wengi hufikiri kwamba ukichanganya kona za kushoto na za kulia, tofauti itajifuta. Haijifuti. Katika barabara isiyojikata, hata uipinde namna gani, mwisho wa mzunguko gari limegeuka nyuzi 360 kamili, na njia ya nje huizidi ya ndani kwa nafasi iliyo kati ya njia hizo ikizidishwa kwa pai mbili. Nafasi ikiwa sentimita 10, tofauti ni sentimita 63. Kwenye barabara ya njia nne, kati ya ya kwanza na ya nne ni sentimita 188, yaani zaidi ya mita 94 katika mizunguko 50! Umbo la nane, lenye daraja katikati, husawazisha, kwa sababu mgeuko wa kushoto hufutwa na wa kulia.

Klabu zisizo na nafasi ya daraja hutumia zamu: kila dereva hukimbia katika kila njia kwa dakika zilezile, na mizunguko yake yote hujumlishwa. Asiyekimbia husimama kwenye kona kurudisha magari yaliyoruka.

Breki nazo zastahili maelezo. Ukiachia kifyatuo, kidhibiti hakikati umeme tu. Huunganisha ncha mbili za mota. Mota inayozunguka bila kulishwa hugeuka jenereta, na umeme inaouzalisha huipinga yenyewe. Ndiyo maana kidhibiti cha klabu kina nyaya tatu, na ule wa tatu ukilegea gari litateleza hadi ukutani.

Kuhusu sumaku ninayo hukumu yangu. Magari mengi ya dukani yana sumaku chini ya tumbo inayong'ang'ania reli za chuma za barabara ya plastiki, na kwa mtoto anayeanza ni msaada mkubwa. Lakini gari la sumaku halitelezi kwanza. Hushika, hushika, kisha linaruka ghafla. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo kwenye ubao wenye tepe za shaba sumaku ni mzigo tu. Hapo hubaki tairi zilizosawazishwa kwa msasa, risasi kidogo ya uzito iliyogandishwa chini, na kidole.

Ukitaka kujenga, anza na njia mbili na ubao mmoja, na upime volti kwenye kona ya mbali kabla ya kulaumu gari. Magari ya mashindano yanaweza kusubiri. Nunua kwanza waya mnene.