Malenga Akiwa Bara, Mashairi Huyatoa Wapi?

Tangu nihamie Kitengela kikazi, jamaa zangu wa Mombasa hawaachi kuniuliza: "Huko kwenye vumbi na malori, mashairi unayatoa wapi?" Nami niliamini ilhamu nimeiacha ufuoni. Mwaka wangu wa kwanza huku sikutunga hata ubeti mmoja.

Nilikosea. Tuwatazame malenga wetu. Muyaka bin Haji alitungia vita na siasa za Mvita, na mambo ya nyumbani pia. Mwana Kupona alimwandikia bintiye utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972. Kilichowasukuma ni jambo lililowakaa moyoni na mtu wa kuambiwa.

Hayo niliyaelewa wakati wa ukame wa 2022. Ukitoka Kitengela kwenda Kajiado mjini, mizoga ya ng'ombe ilionekana kando ya barabara ya Namanga. Mzee mmoja wa Kimaasai, jirani yangu, alinihesabia ng'ombe aliowapoteza. Hakutaja idadi. Aliwataja mmoja mmoja kwa rangi zao: mwekundu, wa kijivu, mwenye baka jeupe tumboni. Usiku ule usingizi ulinipaa, nikawa nahesabu mizani kwa vidole.

Basi ilhamu huanzia kwenye sikio. Unasikia jambo, linakataa kutoka. Kisha kanuni nazo husaidia: mizani nane ukwapi, nane utao, na vina. Ukisaka neno la kukamilisha kina, mara nyingi hukutana na wazo ambalo hukuwa nalo ulipoketi. Ndiyo maana anayengoja ilhamu bila kushika kalamu hungoja sana.

Shairi lilipokwisha nilimsomea mzee. Alisikiliza kwa makini, kisha akasema: "Vizuri, mwanangu. Lakini umemsahau yule mweusi. Ndiye aliyekufa wa kwanza."

Nikarudi nyumbani kuufumua ubeti wa kwanza. Vina vilinisumbua siku mbili, lakini mweusi aliingia.

Jamaa zangu, jibu langu ni hilo. Hata aina za mashairi tunaziita bahari, na bahari hiyo mtu huhama nayo. Kinachobaki ni kumsikiliza jirani, popote ulipo.