Sabuni Hutengenezwa kwa Nini?

Huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, wananchi hulima alizeti na karanga. Hufuga ng'ombe pia. Vyote hivi hutoa mafuta. Mafuta ni chakula. Lakini mafuta ndiyo pia mwanzo wa sabuni.

Wazee wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980. Sabuni iliadimika madukani. Watu walipanga foleni kwa ajili ya mche mmoja.

Sabuni inahitaji vitu vitatu: mafuta, maji na dawa kali iitwayo kostiki soda. Mafuta peke yake huchafua nguo. Kostiki soda peke yake huunguza ngozi. Lakini vikichanganywa kwa kipimo, vyote viwili hubadilika. Soda huyavunja mafuta, ndipo hupatikana vitu viwili vipya: sabuni na gliserini. Gliserini hulainisha ngozi. Magadi ya kupikia maharage hayafai kazi hii. Si makali vya kutosha.

Kwa kilo 1 ya mafuta ya ng'ombe, tumia gramu 130 za soda na gramu 300 za maji. Pima kwa mizani, usikisie. Soda ikizidi, sabuni itaunguza mikono.

Fanya kazi nje, penye hewa. Mimina soda ndani ya maji kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya soda, kwani huchemka ghafla na kuruka. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kwani soda huila. Maji yakipoa, yamimine katika mafuta yaliyoyeyushwa, yenye uvuguvugu. Koroga mpaka yawe mazito kama uji. Mimina katika kisanduku. Yakiganda, kata vipande. Viache vikauke kwa wiki 4.

Jihadhari! Soda iliyoyeyushwa hufanana na maji ya kunywa. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda au kikombe. Mtoto akiinywa, humuunguza koo na tumbo. Usimtapishe. Msuuze kinywa, umkimbize kituo cha afya. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20, kisha nenda kwa mganga.

Sabuni huondoa uchafu na vijidudu vya kuharisha. Tuitengeneze ili itulinde, isije ikatuumizia watoto.