Makro: Kuipa Kompyuta Kazi Inayojirudia, na Programu Ipi Inamfaa Nani

Katibu wa chama cha msingi cha ushirika anapofunga hesabu za msimu hufungua orodha ya wanachama, hunakili jina, hulibandika kwenye karatasi ya malipo, huandika kilo na kiasi cha fedha, kisha hurejea kwenye jina linalofuata. Kwa wanachama 200, mzunguko huo hurudiwa mara 200. Afikapo katikati ya orodha jicho limekwisha kuchoka, na hapo ndipo fedha za mkulima mmoja huandikwa kwenye mstari wa jirani yake. Mwalimu wa taaluma anayehamisha alama, mweka hazina wa kikundi cha mikopo na kijana wa stesheneri anayechapa barua zilezile kila siku wanaifahamu adha hiyo.

Makro ni mfuatano wa maagizo unaohifadhiwa ndani ya kompyuta na kutekelezwa kila unapoitwa, mara nyingi kwa kubonyeza kitufe kimoja au viwili. Programu zinazotengeneza makro ni nyingi, na nyingine hazigharimu hata shilingi. Kwa hiyo tofauti ya kuangalia kwanza ni namna programu inavyoiona kazi. Zipo zinazolielewa jedwali, zipo zinazotambua madirisha na vitufe vilivyomo, na zipo zisizoona chochote bali hukumbuka tu mahali kipanya kilipobofya.

Kwa mtu ambaye kazi yake yote imo ndani ya jedwali, hakuna haja ya kutafuta mbali. Excel ina uwezo wa makro kwa lugha iitwayo VBA tangu mwaka 1993, na ina kinasa kinachoandika maagizo hayo chenyewe wakati mtumiaji akifanya kazi kwa mkono. Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo huwaponza wanaoanza. La kwanza, kinasa hukumbuka kisanduku halisi kilichoguswa. Makro iliyonaswa kwenye mstari wa 5 itarejea mstari wa 5 kila inapoitwa, hata kama mtumiaji amesimama kwenye mstari wa 60, na itafuta kilichokuwamo. Tiba yake ni kubonyeza kitufe kilichoandikwa Use Relative References kabla ya kuanza kunasa. La pili ni zito zaidi: makro ya Excel ikishabadilisha jedwali, amri ya kutengua hairudishi yaliyokuwapo. Aliyezoea kukosea na kubonyeza Ctrl na Z atakuta mlango umefungwa. Nakala ya faili huwekwa pembeni kabla ya makro, wala si baada yake.

LibreOffice, ambayo ni programu huria na hutolewa bure, nayo ina kinasa, lakini sharti kiruhusiwe kwanza katika mipangilio ya juu, na uwezo wake ni mdogo kuliko wa Excel. Makro zilizoandikwa kwa ajili ya Excel hufanya kazi humo kwa sehemu tu, hivyo kikundi kinachohamisha faili kutoka programu moja kwenda nyingine kijaribu kwanza kwa majina machache. Majedwali ya Google yalipata kinasa cha makro mwaka 2018. Yanafaa pale watu kadhaa wanapoandika kwenye faili moja, ila yanadai intaneti ya uhakika.

Kazi ikitoka nje ya jedwali, AutoHotkey ndiyo yenye manufaa mengi kwa gharama ndogo. Ilianza mwaka 2003, ni huria, hutumika kwenye Windows pekee, na haihitaji kompyuta yenye nguvu. Maagizo yake huandikwa kwenye faili ya maandishi ya kawaida. Mwenye stesheneri anaweza kuagiza kwamba kila achapapo herufi tatu alizozichagua, kompyuta iandike anwani kamili ya ofisi ya kata, kwa mstari mmoja tu wa maagizo. Ugumu wake ni kwamba mtumiaji hana budi kujifunza kanuni za uandishi, na toleo la 2, lililotoka Desemba 2022, lina kanuni tofauti na la 1. Maagizo mengi yanayopatikana mtandaoni ni ya toleo la zamani na hugoma kwenye jipya. Wengi hudhani wamekosea wao.

Asiyetaka kuandika maagizo anaweza kutazama Power Automate ya Microsoft, ambayo tangu mwaka 2021 watumiaji wa Windows 10 hawailipii kwa matumizi ya kawaida. Hatua huchaguliwa kwenye orodha na kupangwa kama shanga. Kwa kuwa hutambua kitufe chenyewe badala ya mahali kilipo, dirisha likisogea haipotei kwa urahisi. Lakini ni nzito kwa kompyuta kongwe, inataka akaunti ya Microsoft, na kuipangia saa ya kujiendesha yenyewe hulipiwa.

TinyTask ni kinyume chake kabisa: ndogo mno, ya bure, na ya kujifunza kwa dakika tano. Hunasa miendo ya kipanya na kibodi, kisha huirudia kama ilivyo. Ujumbe wowote ukijitokeza katikati ya skrini, itaendelea kubofya pasipostahili. Kwa michezo na majaribio haina neno. Kwa orodha ya fedha za watu haifai.

Wenye kompyuta za Apple wanayo Automator tangu mwaka 2005, nayo huja na kompyuta. Na kabla ya makro yoyote, anayetaka kuchapa barua 80 zenye majina tofauti akumbuke kwamba Word ina huduma ya kuunganisha barua na orodha, ambayo huimaliza kazi hiyo bila makro.

Upande wa usalama, makro ni programu, na programu yaweza kubeba uharibifu. Kirusi cha Melissa cha mwaka 1999 kilijificha ndani ya makro ya Word na kujituma kwa anwani 50 za kwanza za kila aliyeifungua. Ndiyo maana tangu mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Mtu akipokea faili inayomsihi aruhusu makro ili aweze kuisoma, aulize kwanza kwa simu aliyeituma. Vilevile nywila isiandikwe ndani ya makro, kwani yeyote mwenye faili ya maandishi ataisoma. Kwa stesheneri zinazohifadhi namba za vitambulisho vya wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusika na orodha hizo pia.

Lipo na suala la umeme. Makro ikikatika kwenye jina la 90 na kuanzishwa upya kutoka mwanzo, malipo 90 ya kwanza yaweza kuingia mara mbili. Njia inayotumiwa na makarani waangalifu ni kuongeza safu moja ambamo makro huandika neno "tayari" baada ya kila jina, na kuiagiza iruke kila mstari wenye neno hilo. Katika jaribio la kwanza huendeshwa kwa majina 5, jumla hukokotolewa kwa kikokotoo cha kawaida, na orodha hulinganishwa na daftari la mkono mbele ya mjumbe wa pili kabla fedha hazijatoka.